Mtandao wa Chumba cha Chai

Jumatatu, 3 Juni

Semina imekwisha. Watu walikuja kwa sababu ya soda. Niliwaambia yale yale: ukiwa nje ya ofisi, usiunganishe kompyuta ya kazi na mtandao wa bure. Washa hotspoti ya simu uliyopewa na maabara. Weka neno la siri refu — siyo jina la mtoto, siyo namba yako ya simu. Ukimaliza, zima. Karani wa majibu alisinzia na kalamu mkononi, ungedhani anaandika.

Niliwaonyesha ukutani majina ya mitandao yote inayofika mpaka chumba chetu cha mikutano. LIPA KWANZA. JIRANI ACHA TABIA HIYO. HAPA SI KWAKO. Wakacheka. Nikasema: mtu anayeweza kuuita mtandao wake jina lolote, anaweza kuuita na jina letu. Hapo hawakucheka, ila sidhani walisikia. Soda zilikuwa zimefika.

Mkuu wa maabara alifunga kikao. Usalama ni wa kila mtu, alisema. Kisha akanivuta pembeni. Ile njia ya siri inayojiwasha kompyuta ikitoka nje, inamchelewesha. Haiwezi kuondolewa kwake peke yake? Nikasema haiwezi. Akasema haidhuru, ameshapata namna ya kuishi nayo.

Njia hiyo niliitengeneza mimi mwaka jana. Kompyuta ikiona jina la mtandao wetu, MAABARA-NDANI, inatulia — iko nyumbani. Isipoliona, inafunika kila kitu kabla ya kutuma. Hakuna wa kubonyeza chochote. Najisifu hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia.

Jumanne, 4 Juni

Wachimba mitaro wamekata waya wetu barabarani. Asubuhi nzima hakuna intaneti. Nikakaa kungoja simu za malalamiko. Hazikuja. Ajabu. Nikaenda kwa karani — hayupo. Majibu ya wagonjwa ya leo yameshatumwa kwa madaktari, yote. Kwa njia gani?

Alikuwa chini, kwenye chumba cha chai cha dada yangu, pale chini ya ngazi. Dada wa tumbo moja, mkubwa wangu. Ana meza chache, birika kubwa, na moyo wa kuongeza maziwa bila kuombwa. Karani alikuwa kwenye kona, kikombe kulia, laptopu ya kazi kushoto. Nikamwuliza anatumia hotspoti ya nani.

"Hotspoti ya nini, Bi Mitandao? Mtandao wetu si unafika mpaka huku?"

Akanigeuzia kioo nione. MAABARA-NDANI. Mistari yote imejaa. Na wetu umekufa tangu asubuhi.

Ruta ya dada, inayotumia laini yake ya simu, iko rafu ya juu, nyuma ya makopo ya majani ya chai. Nikamwuliza nani ameipa jina hilo. Akasema, "Si nyinyi wenyewe mlitaka? Mkija hapa msihangaike." Nyinyi nani? Akasema ana maji motoni. Hakukuwa na maji motoni.

Jina lile lile. Neno la siri lile lile — na limebandikwa ukutani, chini ya bei za chai, kwa mwandiko mzuri wa dada! Neno la siri la maabara. Kila mteja analisoma huku akikoroga sukari. Kompyuta zetu zikishuka ngazi zinadhani hazijatoka. Njia ya siri inalala. Na folda ya majibu, ambayo humu ndani tumeiacha wazi ili tusaidiane kazi, inakuwa wazi kwa kila anayekunywa chai.

Nimebandua ile karatasi. Nimezima ruta. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika kazi zake akaguna. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama na ile folda yenye majina ya watu nayo itaondoka. Nikamwuliza ameifungua? Hakuifungua. Ila kila anayekaa hapa anaiona, alisema, hata shangazi yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia Mkuu kwa mdomo. Hakushtuka. Aliuliza nani mwingine anajua.

Waya umeungwa. Nimebadilisha neno la siri la juu. Watu wamenuna.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuja mapokezi. Hakupiga kelele. Tangu Jumamosi wateja wake wanakuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mmoja aliviokota mezani kwa mkono uliovishwa mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemwambia sababu. Jana ndipo daktari wake alipompa majibu: kifua kikuu. Kinatibika, ameanza dawa, daktari amemtuliza vizuri. Swali lake ni moja tu. Mtaa ulijuaje kabla yake?

Mhudumu wa mapokezi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kalenda. Majibu yake yalitumwa Ijumaa iliyopita, na karani huwa chini siku za Ijumaa, anapenda kona ile.

Nikamwambia tunalifuatilia. Kufuatilia, neno la kujifichia. Akashukuru, akauliza lini arudi. Sikuwa na lini.

Mchana sikula. Si kawaida yangu. Nimeona aibu, na bado naiona.

Jumapili, 9 Juni

Kwa dada. Shemeji anaangalia mpira. Hotspoti yake inaitwa USINIOMBE na nyumba nzima imeunganishwa nayo. Dada huniita Kitinda hata mbele ya wageni, maana mimi ndiye kitinda mimba. Leo aliniita kwa jina langu la shule. Nikajua kuna jambo.

Tulikuwa tunachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa: ni Mkuu wenu. Alikuja mwenyewe siku ya mvua, akavua koti, akaomba kuiona ruta. Akakaa na laptopu yake, akaandika jina na neno la siri kwa mkono wake. Amechoka na ile njia yenu ya siri, alisema, inafanya kazi yake iende kwa kutambaa. Sasa watu wake watakunywa chai kwa raha. Na kweli walikuja wengi. Dada alidhani amependelewa.

Mkuu huyo huyo ndiye anayetia sahihi kibali cha chumba cha chai. Kinaisha mwezi huu.

"Usimtaje, mdogo wangu. Akinitoa pale mimi naenda wapi? Shemeji yako unamwona, kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo."

Nikamwambia kuna mgonjwa ameharibikiwa. Sikusema nani wala ugonjwa gani. Akaendelea kuchambua punje chache. Kisha akasema, "Ni fundi wangu wa mapazia." Akasema walikuwa wakimsema pale pale kwenye meza zake, Jumamosi asubuhi, na yeye akiwamiminia chai. Alidhani ni umbea wa kawaida.

Aliacha kuchambua. Nilimalizia mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi nimeiwasha ruta ya dada na kuingia ndani ya mipangilio yake, yeye akiwa amesimama nyuma yangu na kitambaa begani. Ruta za aina ile zinakumbuka kompyuta ya mwisho iliyozibadilisha mipangilio. Ipo. Siku, na jina la mashine: KOMPYUTA-YA-MKUU. Jina hilo nililiandika mimi nilipomkabidhi. Nimeipiga picha kwa simu. Dada ameona. Akaenda kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Mchana Mkuu akaniita. Fundi cherehani ameandikia bodi. Bodi inakuja Jumatano, inataka ripoti yangu. Alinikaribisha kiti. Akanipa na sentensi kabisa: mtandao wa nje ulijifanya wa kwetu. Kila neno ni kweli, hilo ndilo linaloniudhi.

Nikauliza, na mwenye huo mtandao wa nje? Akasema namjua kuliko yeye. Anaelewa ni ndugu yangu, haombi nimseme vibaya, sentensi moja inatosha. Halafu akanikumbusha, kwa upole, kwamba mfumo wa kutambua mtandao kwa jina tu ulikuwa kazi yangu.

Nayo ni kweli. Nimetengeneza mlango unaomfungulia yeyote anayelitaja jina la mwenye nyumba, na niliusifu humu daftarini.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Nikiandika anavyotaka, jumba bovu linamwangukia dada na chumba cha chai kimekwenda. Nikiandika ilivyokuwa, Mkuu hatii sahihi, na chumba cha chai kimekwenda vilevile. Mimi katika hali ya kwanza nabaki na kazi.

Jumanne, 11 Juni

Kazi ya mikono imekwisha. Kompyuta zetu sasa hazitazami jina. Zinadai kitambulisho ambacho ruta ya ofisi peke yake inacho; zisipokipata, njia ya siri inawaka, hata kama mtandao unaitwa MAABARA-NDANI mara mia. Folda imefungwa. Mitandao yote ya zamani nimeifuta kwenye kila mashine. Nilipofika kwa Mkuu alinipa laptopu yake mwenyewe, hata hakuuliza nafuta nini.

Karani alinifuata hadi kwenye ngazi. Anataka kujua kama atafukuzwa. Kompyuta ilimwuliza kama anauamini mtandao ule, akabonyeza Ndiyo. "Jina letu, Bi Mitandao. Nisiliamini jina letu?" Mimi mwenyewe ningebonyeza.

Ripoti: nimeandika sentensi ya Mkuu. Nimeifuta. Nimeirudisha. Nimeacha nafasi wazi, nitajaza kesho.

Dada amepiga simu jioni. Aliuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema haya, lala. Hakugusia kibali wala Mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, na sasa sijui nifanyie nini maneno yale.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa nimesimama kwenye korido. Mapumziko.

Ripoti nimeingia nayo na nafasi ikiwa wazi bado. Mkuu hakuingoja. Alianza kusema yeye: chumba cha chai kilitumia jina la maabara kuvutia wateja, watumishi wakadanganyika, mgonjwa akaumia, naye anasikitika sana. Kibali hakitaongezwa. Tatizo limekwisha. Aliongea vizuri mno. Wajumbe walikuwa wanaitikia kwa vichwa na kukusanya karatasi.

Dada alikuwemo. Chai ya bodi analeta yeye kila kikao, na hakuna anayekumbuka kwamba mwenye birika ana masikio. Alimaliza kumimina kikombe cha mwenyekiti. Akaweka birika mezani.

"Mkuu, samahani. Jina lile uliliandika wewe, kwa mkono wako. Mimi nililinakili tu ukutani."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema sukari imekwisha. Mkuu akacheka kidogo: mama wa chai ana uchungu, ni haki yake, amechanganya mambo. Mwenyekiti wa bodi, mama mwenye sauti ndogo, akamwuliza dada kama ana ushahidi.

Dada akasema hana.

Anajua ushahidi uko wapi. Aliniona nikiupiga picha. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake na simu mfukoni, na hakugeuza macho hata mara moja upande wangu. Wala mimi sikufungua mdomo! Nilitazama mistari ya daftari langu mpaka mwenyekiti aliposema tupumzike, na tukirudi aanze mtu wa mitandao.

Naogopa. Naandika ili vidole vipate kazi. Sina nyumba wala akiba, nina mshahara tu. Na dada alikuwa na chumba cha chai tu, na ameshakitupa mbele ya wote.

Mkuu amepita akielekea msalani. Amenishika bega. Nisiwe mrefu, amesema, wazee wamechoka.

Dada amepita na trei ya vikombe vichafu. Amesimama. Ameiweka trei dirishani, akanitengeneza kola ya shati iliyokuwa imejikunja, akaichukua trei yake, akashuka.

Karani amefungua mlango. Ananiita, wote wamekaa. Kutoka hapa naiona meza. Kiti changu kilikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango. Kimehamishwa. Sasa kiko ubavuni kwa Mkuu, amekivuta nje kidogo kwa ajili yangu, na mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti.