Pazia la Sebuleni

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na paa halivuji tena. Wiki hii tulikaa na msanii. Nikueleze mpango wa wasanii hawa: msanii huja nyumbani, mkatengeneza naye kazi ya sanaa ya kisasa kwa vitu vyenu wenyewe, kisha majirani hualikwa kuitazama. Sisi tulishona pazia kubwa la sebuleni. Kila anayeishi humu alitakiwa kutoa nguo moja.

Nilitoa yangu na ya mke wangu, nikasema, "Tumemaliza."

Msanii akamtazama mama yako, aliyeshika gauni lake, limefuliwa na kupigwa pasi. "Na huyu mama?"

"Huyu dada yangu. Mgeni tu," nikajibu.

Miaka sita anatupikia na kutuuguza. Akacheka. "Mgeni siku mbili, kaka. Mimi jembe mlinipa zamani, hadi limechakaa."

Kisha akalikunja gauni, akaenda kufunga mizigo.

Majirani wanalisifu pazia, mimi silitazami. Mama yako ameniomba nikuandikie uje umchukue, nami nimeandika. Ila tafadhali, mwanangu, usiharakishe. Bado sijapata uso wa kumwomba radhi.

Ni mimi, mjomba wako.