Salamu Iliyomfukuza Anitha

Jumanne. Joto la kunata, feni imegoma, na mimi nimevaa gauni zito kama mtu anayekwenda ubatizoni. Moyo uko chini ya soli za viatu.

Nimemharibia mtu. Acha niandike hivyo kwanza, maelezo yatafuata.

Mnaonisoma mnakijua kikundi changu: wasichana sita wenye bulimia, ule ugonjwa wa kula kwa pupa mafichoni kisha kujitapisha. Vitabu nilivyosomea ushauri nasaha vinataka kila mgonjwa aandike alichokula, sahani kwa sahani. Nani Kariakoo ana sahani yake? Hawa wanakula sinia moja na shangazi watatu. Basi tukaanza kubuni tiba yetu wenyewe. Tunakula pamoja, sinia moja, halafu tunakaa saa nzima bila mtu kunyanyuka, kila mmoja akieleza hamu ya kwenda chooni inavyopanda na inavyoshuka. Miezi minne sasa. Nilishaanza kujiona mgunduzi.

Kanuni ya kwanza niliibandika ukutani kwa mkono wangu: humu hakuna kusema neno juu ya mwili wa mtu.

Anitha (jina si lake, na duka la kwao nimelihamisha mtaa) ndiye aliyekuwa mbele ya wenzake. Wiki tatu hakujitapisha. Alhamisi iliyopita akaingia na blauzi ya njano, akanipa shikamoo. Nami, mtoto wa mjini niliyelelewa kwa salamu ndefu, mdomo ukatangulia: "Marahaba mwanangu. Umenawiri, mashavu yamejaa."

Kwa marehemu mama yangu hiyo ingekuwa dua. Ndivyo tunavyomsalimia mtu tunayempenda.

Anitha alikula matonge mawili, akasema anapokea simu nje. Hakurudi.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Na kuna jambo linaloninyima raha zaidi: daktari alishamwandikia vipimo vya damu, kwa sababu kutapika sana kunamaliza madini mwilini, na moyo unaweza kusimama tu, hata wa binti wa miaka ishirini na mbili. Hakuwahi kwenda.

Leo nimeshindwa kukaa. Nimekatisha viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, nikaingia dukani kwao nikijifanya natafuta mapazia. Najua, sikupaswa. Mama yake hajui lolote, anadhani mwanawe ana vidonda vya tumbo.

"Karibu dada," mama akanipokea. "Mwenye afya kama wewe lazima ana sebule kubwa." Nikacheka naye. Mimi nimeshazoea, nafanana na kochi la watu watatu.

Anitha akatokea nyuma ya majora ya vitambaa. Midomo imepauka. Kwenye vifundo vya vidole, michubuko mibichi ya meno: ameanza tena kujitia vidole kooni.

"Dirisha lina upana gani, mama?" akaniuliza, kama mteja asiyemjua.

Sina dirisha lisilo na pazia. Nikasema mita mbili. Mama mtu akaitwa mlangoni na mteja mwingine, nikaona nafasi yangu.

"Nisamehe," nikanong'ona. "Nilivunja kanuni niliyoiandika mwenyewe. Kwangu usirudi kama hutaki. Ila kapime damu, Anitha. Leo."

Aliendelea kunyoosha kitambaa juu ya meza. "Pale kwako ndipo mahali pekee nilipokuwa nakula bila kuangaliwa," akasema bila kuinua macho. "Mita sita zitakutosha."

Nimetoka na mapazia ya zambarau na sura ya mjinga. Nimekaa kwenye benchi pale viwanjani nikayakumbatia kama mtoto mchanga, nikalia. Mzee mmoja akanipa pole ya msiba. Nikaipokea.

Saa kumi jioni ujumbe ukaingia: "Nimetoka maabara. Majibu kesho. Kwako siji."

Nimeusoma mpaka macho yanauma. Nashukuru, halafu nafika mwisho wake, navunjika moyo tena.

Alhamisi, kabla hatujanawa mikono, nitawaambia wale watano nilichomfanyia mwenzao. Anayetaka kuondoka aondoke, sitamzuia.

Lakini kwanza ipite hiyo kesho. Majibu yawe mazuri tu. Kuchukiwa nitakubeba.