Haikuwa Gesi

Mkwe wangu,

Chai imo kwenye chupa. Nimerudi hospitali kumpelekea mzee kandambili zake.

Asubuhi aliposhika kifua nilisema ni gesi tu, maana alishapasuliwa moyo na kuwekewa mishipa mipya mwaka juzi, nikadhani moyo umeshapona. Wewe ukabisha, ukaita gari la wagonjwa. Kumbe kile kibomba cha kupanua mshipa wa moyo alichowekewa baadaye kimeziba, kwa sababu aliacha vidonge vya kuzuia damu kuganda! Daktari amepitisha mrija kwenye mshipa wa mkononi hadi moyoni, amekizibua. Sasa mzee anadai chakula.

Vidonge alivificha kwenye kiatu chake cha harusi, eti vinamtoa damu kwenye fizi. Kuanzia leo mpe wewe. Mimi ananihadaa.

Juzi nilisema mbele ya jirani kwamba una kiherehere. ~~Nisamehe.~~ Kiherehere hicho usikiache kamwe.

Mama mkwe wako, ambaye leo angekuwa mjane.