Kishindo Kisicho cha Baruti

Jumatatu, 4 Machi
"Kishindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapopita mwendo wa sauti. Ndege yetu ilipita mwendo huo nyikani, mbali na makazi. Kilichovunja vioo mjini ni baruti za machimbo." Msemaji wa jeshi la anga, redioni asubuhi, kwa sauti laini kama anayetangaza hali ya hewa.

Uongo! Au ujinga — sijui kipi kinatisha zaidi. Ndege ikienda polepole kuliko sauti, mawimbi ya sauti yake hutangulia, unaisikia inakuja. Ikiishinda sauti mbio, mawimbi hayana pa kukimbilia. Yanarundikana, yanakuwa ukuta mmoja wa hewa iliyobanwa. Na ukuta huo haubaki nyikani! Ndege inauburuta safari nzima, kama boti inavyoburuta mawimbi nyuma yake. Kila unapopita, walio chini hupata kishindo chao.

Ningeyaandika haya kwa raha, kama si shemeji. Ndiye mlipuaji miamba wa machimbo, na yuko mahabusu tangu Ijumaa, siku ya kishindo. Kipande cha kioo kilimwingia jichoni fundi cherehani wa mtaani kwetu. Lazima mtu ashikwe. Mdogo wangu, mkewe, ameshinda kwangu. Hali wala halali.

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika! Safu yangu nzima ya gazeti la kesho. Hoja kuu: king'ora. Kabla ya kulipua, machimbo hupiga king'ora, nasi huacha kila kitu tukafungua madirisha, vioo visalimike. Hata mpangaji mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Ijumaa je? Nimepita nyumba kwa nyumba: kila dirisha lililovunjika lilikuwa limefungwa. Maana yake king'ora hakikulia. Maana yake hakuna aliyelipua!

Mhariri kasema nimewachinja. Nikamsomea mdogo wangu.

"Dada, wewe unapenda kushinda," akasema. "Mimi namtaka mume wangu."

Jumatano, 6 Machi
Mpelelezi kapiga simu. Ananishukuru! Alikuwa na shtaka moja, sasa anayo mawili: kulipua ovyo, na kulipua bila king'ora. Ushahidi wa la pili nimemkusanyia mimi, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yangu.

Nikabisha. Nikamwambia ndege ya aina hiyo hutoa vishindo viwili, kimoja cha pua na kimoja cha mkia.

"Wewe mama ulisikia vingapi?"

Kimoja. Nikaeleza: ndege ikiwa fupi, viwili hufuatana upesi hata sikio likavifanya kimoja.

"Aha," akasema.

Mdogo wangu hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekuwa nikibishana na msemaji wakati jibu liko barabarani! Ndege ilitoka nyikani, ikapita kwetu, ikaendelea. Mbele, kwenye mstari uleule, kuna mji wa shangazi. Mwendo wa saa tatu kwa basi. Baruti za shemeji haziwezi kufika huko hata zikipanda basi lenyewe.

Nikampigia. Ijumaa asubuhi mlisikia kitu?

"Kusikia, na masikio haya? Mimi niliona! Sufuria zote zilishuka rafuni. Paka kapanda juu ya kabati, mpaka leo tunamlishia hukohuko. Jengo zima tulitoka nje na kanga za kulalia."

Watakuja kusema hivyo kwa hakimu? Kesho anasikiliza ombi la dhamana ya shemeji.

"Jengo zima, mwanangu. We tulia."

Nimelia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili mdogo wangu asisikie. Kisha tumekula, wote wawili. Mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 8 Machi
Benchi la mahakama. Shangazi amefika na basi la alfajiri. Peke yake! Mkoba mapajani, hataki kunitazama.

Wamekataa?

"Hawajakataa. Wamenyamaza."

Nikamkaba kwa maswali hadi akasema. Siku ile, wakiwa nje, walimgeukia mpangaji wa chini. Mtungi wake wa gesi umelipuka, walisema, atawaua watoto. Akawaonyesha mtungi mzima. Wakamtolea vitu nje hivyohivyo. Sasa wakija hapa kuapa kwamba ni ndege, wataangaliana vipi?

"Na aliyeanza kupiga kelele ni nani, shangazi?"

"Mimi," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Karani anasema bibi mmoja asiyesikia vizuri hatoshi. Mlango umefunguka kidogo; nimemwona shemeji, pingu mkononi, anamtafuta mkewe kwa macho. Zamu yake ni saa tisa. Mdogo wangu amenishika kiwiko, haniachii.

Naandika hapa kwanza, kisha nawatumia majirani zake kwa simu ya shangazi:

Ninyi wa jengo la shangazi, mliosimama nje na kanga na malapa! Hakuna anayewauliza leo mlimfanyia nini mwenzenu. Mlisikia. Basi la saa nne halijaondoka. Pandeni. Na mkipita anakoishi sasa huyo mliyemtoa, mgongeeni mlango — yeye, na mtungi wake mzima, ndiye shahidi ninayemhitaji kuliko ninyi nyote.