Wanaolala Chini ya Mlima

Zürich, 4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima.

Kikao cha kuujadili mlima wenu unaotishia kuporomoka kimekwisha. Wataalamu wa miamba walitaka kutangaza kwamba hatari ni ndogo, basi. Nikawaambia vipimo vyao vinajua mlima unasogea kiasi gani, ila havijui hatari kiasi gani inavumilika. Hilo waulizwe wanaolala chini yake. Walinuna, lakini wamekubali: ninyi wa kijiji cha Valsegna mtapiga kura, kuhama au kubaki. Sisi wanafalsafa wa sayansi huwa tunaitwa kujaza viti tu, kwa hiyo nimefurahi mno.

Piga kura ya kuhama, Baba.

Mwanao,
Ladina

Valsegna, 13 Mei

Ladina mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, ng'ombe wazima.

Tumepiga kura. Tunabaki. Mimi ndiye niliyesimama ukumbini nikawasomea maneno yako, wakapiga makofi, hata jirani yetu Gion, ambaye hajanisifu tangu tuzaliwe. Sasa niende wapi? Nikae ghorofani kwako nikitazama magari? Mama yako kazikwa hapa. Acha woga, msomi wangu.

Baba yako

Zürich, 21 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo hata salamu zinanishinda.

Vipimo vya jana vinatisha. Mlima umeongeza mwendo. Nimewaomba wenzangu wawaamuru mhame, wakaniuliza, "Si wewe uliyesema waulizwe?" Bado naamini nilisema kweli, na naogopa kweli hiyo itakuua. Silali.

Jumamosi nakuja. Ukibaki, nabaki nawe.

Mwanao,
Ladina

Valsegna, 23 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na usipande kuja huku. Nakusihi.

Mawe yanadondoka nyuma ya kanisa, kama yalivyodondoka miaka yote. Zamani nilikuwa nageuka upande wa pili nikalala. Tangu barua yako ifike, kila likidondoka nakuona wewe umelala chumba cha pili, nami nakesha. Kumbe ujasiri wangu ulikuwa wa kuhatarisha roho yangu peke yangu.

Asubuhi nilimwuliza Gion angepiga kura gani kama wajukuu wake wangekuwa wanalala huku. Alivaa buti akaenda kufungua zizi, kutayarisha ng'ombe kwa safari. Wengine walipomwona, nao wakafungua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema anaogopa.

Jumamosi tunateremsha ng'ombe, kijiji kizima. Njia inapita chini ya ufa wa huo mlima unaosogea, hatuna nyingine. Nisubiri stesheni ya bondeni, upande wa pili wa daraja. Tukichelewa, usije kututafuta.

Baba yako