Jina Langu Likiitwa

Kyebando, Kampala

Mjukuu wangu Akello,

Habari za Nairobi? Hapa tunasukuma siku. Bibi yako analalamikia magoti, kuku anamsikiliza.

Umeuliza kwa nini siachi kufuatilia pensheni ya ulemavu. Leo wamenirudisha tena, eti nilete shahidi kwamba mguu niliumia jeshini.

Nikiwa kijana kambini, sajenti alituita majina kila asubuhi. Rafiki yangu Odongo alipokufa, jina lake halikufutwa upesi, likaendelea kuitwa. Tulinyamaza. Sajenti naye alingoja kidogo, ndipo akaita linalofuata.

Nimechoka, mama. Lakini karani akiita jina langu, nasimama na mkongojo wangu na kuitika, "Afande!" Vijana hucheka. Wacheke. Sitaki liitwe, kisha pawe kimya, nami ningali hai.

Babu yako