Asali ya Wakili Clemensi

Tobiko, uko wapi? Nimesimama nje ya ukumbi wa parokia hapa Karatu.

Wamemfanyia sherehe Wakili Clemensi. Clemensi yule yule! MC anasoma: mtetezi wa wenye maduka tangu miaka ya sabini, muumini safi, na nje ya kazi ni mfugaji wa nyuki. Makofi!

Mama Germana amekaa nyuma kabisa. Unaukumbuka msako wa wahujumu uchumi, mwaka themanini na tatu, ukikutwa umeficha bidhaa ni jela? Yeye na mumewe Patrisi walikuwa na duka Endabash, na katoni za sabuni wameziweka akiba. Clemensi, wakili wao, akawaambia, "Zileteni kwangu, tuzifiche kwenye kibanda cha mizinga. Nani atathubutu kupekua nyuki?" Wakazipeleka. Kulipokucha akawaleta mgambo yeye mwenyewe, aonekane mzalendo. Patrisi akafia gerezani.

Sasa sikia. Leo Clemensi anapita meza kwa meza akigawa chupa za asali. Akafika kwa Germana, akainama, akacheka: "Onja, mama. Mizinga ni ile ile."

Ile ile, Tobiko! Kasema hivyo, na meno yote nje!

Germana akasimama na chupa mkononi. "Patrisi aliniagiza asali hii akiwa ndani, anakohoa damu. Nikaja kukuomba. Ukaniambia nyuki wamehama."



Clemensi akampigapiga begani. "Walisharudi, mama," akasema, akahamia meza ya pili.